Ijumaa Hana Kipindi: Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Anasoma Siku Ngapi kwa Wiki?

Kila vyuo vikuu vinapofunguliwa, mwishoni mwa Oktoba na ndani ya Novemba, swali hili hurudi katika nyumba nyingi za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe: hivi chuo wanasoma siku ngapi kwa wiki? Majibu hayafanani. Mmoja atakwambia siku tatu tu. Mwingine, ambaye binti yake yuko uhandisi, atasema Jumatatu mpaka Jumamosi, na giza linamkuta karakana. Wa tatu atadai chuo hakuna ratiba kabisa, mhadhiri akitaka anakuja, asipotaka haji. Mzazi aliyeuza ng'ombe au gunia za viazi ili kulipa ada anabaki anajiuliza nani kati yao anasema kweli.

Ukimwacha huyo wa tatu, wote wanasema kweli ya walichokiona. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesoma mchana kwa utaratibu wa kawaida, ratiba ya chuo hupangwa Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi huwekwa akiba kwa vipindi vya kufidia au majaribio. Ndani ya ratiba hiyo, mwanafunzi mmoja mmoja anaweza kuwa na vipindi siku tatu, nne au zote tano, kutegemea anachosoma. Hilo ndilo jibu fupi. Lakini jibu hilo peke yake limeshawapotosha wengi, wazazi na wanafunzi wenyewe, kwa sababu vyuo vikuu havipimi masomo kwa siku. Vinapima kwa saa, na nyingi ya saa hizo hazijaandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani.

Maneno ya kuelewa kwanza

Programu ni shahada nzima, mfano Shahada ya Uhasibu au Shahada ya Sanaa na Elimu. Ndani ya programu kuna kozi, yaani masomo moja moja, kila moja likiwa na namba yake, mwalimu wake na mtihani wake. Mwaka wa masomo una mihula miwili. Kila muhula huwa na wiki 15 hivi za kufundishwa, kisha inakuja mitihani ya chuo ambayo wanafunzi wote nchini wanaijua kwa jina la UE.

Kozi moja hufundishwa kwa namna zaidi ya moja. Upo muhadhara, ambao wanafunzi wanauita lekcha: mhadhiri mbele, darasa zima limekaa, pengine watu 30, pengine mamia. Ipo semina, ambapo darasa hilo kubwa linagawanywa makundi madogo ili watu wajadili, wawasilishe kazi na kufanya maswali. Na kuna vitendo: maabara kwa wa sayansi, karakana kwa wahandisi, studio kwa wanaosomea usanifu majengo, wodi kwa wanaosomea udaktari.

Neno la mwisho ni krediti, na hili ndilo linalofungua fumbo zima. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Nasema kazi ya mwanafunzi kwa makusudi, kwa maana saa hizo hazihesabu kukaa darasani tu. Zinahesabu lekcha, semina, vitendo, kusoma vitabu, kuandika kazi alizopewa, kujiandaa na mtihani na kuufanya. Mwaka mmoja wa shahada unabeba krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haiwezi kuwa na krediti chini ya 360.

Hesabu inayoondoa utata

Chukua kalamu. Krediti 120 mara saa 10 ni saa 1,200 kwa mwaka. Zigawe kwa mihula miwili, unapata saa 600 kila muhula. Gawa tena kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki.

Saa 40. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kikomo cha muda wa kawaida wa kazi kwa mwajiriwa. Maana yake mwanafunzi wa chuo kikuu anayefuata mfumo kama ulivyoandikwa anafanya kazi karibu sawa na karani wa benki pale mjini au fundi wa kiwanda cha chai kule Mufindi. Tofauti ni kwamba mwajiriwa anaonekana akiingia na kutoka, ilhali kwa mwanafunzi sehemu kubwa ya kazi inafanyika mahali ambapo hakuna anayemwona.

Tumchukue mwanafunzi wa uhasibu katika chuo kimojawapo Mbeya, mwenye kozi tano muhula huu, kila kozi krediti 12. Jumla krediti 60, ambazo ni zile saa 600. Kila kozi ina lekcha ya saa mbili na semina ya saa moja kwa wiki. Kozi tano mara saa tatu ni saa 15 za darasani kwa wiki. Basi. Kwa muhula mzima anakaa darasani saa 225. Toa kwenye 600, zinabaki saa 375 ambazo hakuna mhadhiri, hakuna kengele, hakuna anayeita majina. Ni saa 25 kila wiki, na ni nyingi kuliko zile za darasani.

Saa hizo 15 za darasani zinaweza kupangwa saa tatu kila siku kwa siku tano, au saa tano kwa siku tatu. Anayesoma siku tatu na anayesoma siku tano wanadaiwa saa 25 zile zile. Hakuna aliyepunguziwa kitu.

Anayetoka Rungwe atalielewa hili upesi kuliko wengi. Mkulima mdogo wa chai ana siku zake za kupeleka majani mabichi kituoni kupimwa. Mtu akipita siku nyingine asimkute kwenye mizani, hasemi kwamba mkulima yule yuko likizo, maana anajua kuna kupalilia, kukata, kuweka mbolea na kuchuma kabla majani hayajafika kwenye mizani. Darasa la chuo kikuu ni ile mizani. Mwanafunzi anafika na alichochuma, kinapimwa, anaelekezwa pa kuongeza bidii, anarudi shambani. Akija mikono mitupu, mhadhara wa saa mbili hauwezi kumjazia kikapu.

Kwa nini wa uhandisi yuko darasani kutwa

Hapa ndipo watu wanapogombana bure. Mzazi mwenye mtoto Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, anamwona kijana wake anatoka saa moja asubuhi anarudi usiku, siku tano. Jirani yake ana binti anayesoma historia na Kiswahili Iringa, ana vipindi siku tatu. Wa kwanza anahitimisha kwamba chuo cha jirani ni cha mchezo.

Rudi kwenye hesabu. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kama ina lekcha saa mbili na maabara saa tatu kwa wiki, mwanafunzi anatumia saa 75 mbele ya mwalimu kwa muhula, na saa 45 peke yake. Kozi ya historia yenye lekcha saa mbili na semina saa moja inatumia saa 45 mbele ya mwalimu, na saa 75 peke yake. Jumla ni 120 kwa wote wawili. Huwezi kumpa mtu aende na mashine ya kuchonga vyuma geto kwake ajifunze, kwa hiyo saa zake lazima ziwe karakana, chini ya macho ya fundi. Lakini huwezi pia kumsomea mtu vitabu vya historia darasani ukurasa kwa ukurasa. Lazima avisome mwenyewe, apambanue, aandike. MUST ilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, na haishangazi kwamba saa nyingi za programu zake zinakwenda kwenye vitendo.

Kwa hiyo ratiba iliyojaa haimaanishi chuo bora, na ratiba yenye nafasi haimaanishi chuo dhaifu. Ukitaka kujua kama programu ni ya maana, angalia krediti zake, kama imesajiliwa na TCU, maktaba yake ikoje na waalimu wake ni akina nani. Hesabu ya siku haitakwambia lolote.

Nani anaamua siku

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wanaamini kuna mtu ofisini aliyeamua kwamba wao wapumzike Jumatano. Hakuna. Siku tupu ni matokeo ya kubanana kwa mambo mengi.

Wapanga ratiba huanza na vitu vikubwa. Kuna kozi ambazo programu nyingi zinachangia, kama Stadi za Mawasiliano na Stadi za Maendeleo, ambayo ukisema DS kila mtu chuoni anakuelewa. Kozi hizo zinakusanya mamia ya watu, na kumbi za kuwabeba mamia ni chache, kwa hiyo zinapewa nafasi kwanza. Kisha zinakuja kozi za lazima za kila programu, halafu maabara na karakana ambazo vyumba vyake havihamishiki, halafu zile za kuchagua. Mhadhiri mmoja anaweza kuwa na madarasa matatu tofauti, na wengine ni wageni wanaotoka taasisi nyingine, wanapatikana siku mbili tu kwa wiki. Semina ndizo huja mwisho, zikijazia mianya iliyobaki.

Ndiyo maana wanafunzi wawili wa programu moja, wanaoishi chumba kimoja, wanaweza kuwa na siku tofauti. Chukua Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, MUCE, pale Iringa. Mwalimu mtarajiwa wa kemia na biolojia na mwalimu mtarajiwa wa jiografia na Kiswahili wote wanasoma kozi za elimu pamoja, kisha kila mmoja anafuata masomo yake ya kufundishia, mmoja akielekea maabara, mwingine ukumbini. Hata wakiwa na masomo yanayofanana, mmoja yuko kundi la kwanza la semina, Jumanne asubuhi, mwenzake kundi la nne, Ijumaa jioni.

Majengo ya Mkwawa yenyewe yana somo. Ilikuwa shule ya sekondari mpaka ilipogeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005. Wakati ule wanafunzi wote walianza pamoja, vipindi vya dakika 40 vikifuatana, na kengele ikiamua. Kijana anayetoka kidato cha sita leo anaingia chuo akiwa na kengele ile ndani ya kichwa chake. Anapoona Jumatano haina kitu, akili aliyozoeshwa kwa miaka mingi inamwambia: leo hakuna shule. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na wiki ya kwanza ya kupokea wageni hutumika zaidi kwenye usajili na foleni kuliko kueleza jambo hili ambalo litaamua matokeo yake.

Mambo mawili ya ratiba yanayowasumbua wageni, niyataje haraka. Ratiba nyingi huandika saa kwa mfumo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane, kwa hiyo 07:00 ni saa moja asubuhi na 16:00 ni saa kumi jioni. Wapo wanaokosa kipindi cha kwanza kwa sababu hii tu. La pili, ratiba ya wiki ya kwanza mara nyingi ni rasimu. Itabadilika pale itakapogundulika kozi mbili zimegongana. Usikimbilie kupanga safari za kila Ijumaa kabla ya wiki ya tatu.

Siku chache ni siku nzito

Wanafunzi hufurahia ratiba iliyobanwa kwenye siku tatu. Ina faida zake: nauli ya daladala inapungua kwa anayekaa mbali na chuo, na siku mbili nzima zinabaki kwa msuli, kama wanavyoita kujisomea. Lakini kuna upande ambao watu hawauhesabu mpaka umewagharimu.

Vyuo vingi vinamtaka mwanafunzi ahudhurie si chini ya asilimia 75 ya vipindi vya kozi ndipo aruhusiwe kufanya UE. Kozi inayokutana mara moja kwa wiki ina vipindi 15 kwa muhula. Ukikosa vitatu, umehudhuria 12, ambavyo ni asilimia 80. Uko salama. Ukikosa cha nne, umebaki na 11, ambavyo ni asilimia 73. Umeanguka chini ya mstari. Kwa hiyo chuo chenye sharti hilo kimekupa nafasi tatu tu, ugonjwa na misiba ikiwemo, na hatujui msiba utabisha hodi lini.

Sasa mwenye siku tatu amebeba kozi mbili au tatu kwa siku moja. Tuseme kijana anayesoma Iringa amekwenda nyumbani Makete Ijumaa, mvua za Machi zikaharibu barabara, akarudi Jumanne badala ya Jumatatu. Hajakosa kipindi kimoja, amekosa vya kozi tatu kwa mpigo. Akifanya hivyo mara nne katika muhula, kozi tatu zimeingia hatarini pamoja. Mwenzake mwenye siku tano, akikosa Jumatatu, pengine anapoteza kozi moja. Mwanafunzi mwenye siku chache hana ruhusa ya kuchezea siku hata moja. Ningependa kila anayeshangilia ratiba yenye nafasi aione hesabu hii kabla ya kununua tiketi.

Jumatatu ina shida yake ya ziada. Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko kila mwaka, na sikukuu nyingine za kitaifa zikiangukia siku hiyo, kozi ya Jumatatu inapoteza vipindi ambavyo kozi ya Jumatano haipotezi. Ndipo unasikia mhadhiri ameita kipindi cha fidia Jumamosi. Mwanafunzi aliyeshajizoesha kwamba Jumamosi si siku ya chuo anakikosa, na mara nyingine kipindi hicho ndicho chenye jaribio.

Na hapo kwenye majaribio pana imani nyingine inayowaumiza watu: kwamba chuo hakuna anayekufuatilia, ukifaulu UE yatosha. Alama za UE haziji peke yake. Majaribio, kazi za kuandika na mawasilisho ya semina huunda alama za muhula, na katika vyuo vingi zinafika 40 kati ya 100. Anayekuja chuoni kusaini na kuondoka, au anayesainiwa na rafiki, anaingia chumba cha mtihani akiwa ameshapoteza sehemu ambayo UE haiwezi kumrudishia.

Wapo pia wahadhiri wanaoahirisha kipindi kwa ujumbe wa simu saa mbili asubuhi, wakati mwanafunzi ameshapanda bajaji mbili kutoka Uyole. Hili ni kosa, na ni haki ya wanafunzi kulisema kupitia CR wao, yaani kiongozi wa darasa, na kudai kipindi kifidiwe kwa muda uliokubaliwa. Utovu wa namna hii ndio uliozaa ule uvumi kwamba chuo hakina ratiba.

Mazungumzo ya simu

Nyumba nyingi zinayajua mazungumzo haya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uko ndani, leo huna shule?"

"Leo sina kipindi mama."

"Na juzi ulisema huna. Sasa si uje utusaidie kuvuna, kisha urudi Jumatatu?"

Mama huyu wa Kyela hana kosa. Mpunga umeiva, ndege hawasubiri, na mtoto amesema mwenyewe hana shule. Kijana naye amesema kweli, ila ameisema nusu. Sentensi aliyopaswa kuongeza ni fupi: sina kipindi, ila nasoma. Kisha aeleze anasoma nini, kazi gani inatakiwa lini. Mzazi wa Kitanzania anaiheshimu kazi anapoijua. Asichoweza kukiheshimu ni siku ambayo mwanae mwenyewe ameiita tupu.

Nasema hivi nikijua pia kwamba siku isiyo na kipindi haina thamani sawa kwa wote. Aliyepata kitanda hosteli, hatua chache kutoka maktaba, anaweza kuamka na kusoma saa sita. Aliyepanga geto mbali, umeme unakatika, wenzake wa nyumba wanapika na kupiga redio, siku hiyo hiyo itampa saa mbili. Huyu wa pili anahitaji kwenda chuoni hata siku ambayo hana darasa, na mzazi anayempa fedha ya nauli ya siku tatu kwa sababu "ndizo za masomo" anamfungia mlango wa maktaba bila kujua. Vyuo navyo vinapaswa kuliona hili. Maktaba inayofungwa mapema, au yenye viti vichache, inazikata zile saa 25 ambazo chuo chenyewe kimezihesabu ndani ya krediti zake.

Bumu na kibarua

Kuna wanaoamini bumu, yaani posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hulipwa kwa siku za vipindi. Wengine hata wanauliza kwa nini mtu anayesoma siku tatu apate sawa na wa siku tano. Bumu halifuati vipindi. Kiwango chake, kilichopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023, kinahesabiwa kwa siku ambazo mwanafunzi anapaswa kuwa chuoni, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, maana tumbo halijui ratiba.

Lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na wenye mkopo wengi wanatuma kidogo nyumbani. Basi siku tupu zinaitwa na kibarua: kuuza nguo Mwanjelwa, kufundisha watoto masomo ya ziada, kuendesha bodaboda. Sitamwambia mtu mwenye njaa asifanye kazi. Nitamwonyesha hesabu tu. Masomo saa 40, ajira ya muda wote saa 45, jumla saa 85. Ukizigawa kwa siku saba ni zaidi ya saa 12 kila siku, Jumapili ikiwemo, bila kuhesabu usafiri, kufua wala kupika. Wapo wanaoimudu miezi miwili. Muhula una minne. Kibarua cha saa 10 kwa wiki, kisichogusa siku za lekcha, kinabebeka. Cha muda wote kinataka njia nyingine ya kusoma kabisa.

Na njia hiyo ipo. Baadhi ya vyuo vina programu za jioni na mwisho wa wiki, hasa kwa shahada za uzamili, zilizopangwa kwa ajili ya waajiriwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo mikoani, Mbeya na Iringa ikiwemo, na mwanafunzi wake hajafungwa na ratiba ya kila siku. Anasoma kwa sehemu kubwa mwenyewe na kukutana na walimu kwa vipindi maalumu vya ana kwa ana. Anayeuliza chuo hicho wanasoma siku ngapi kwa wiki atajibiwa kwamba ni siku atakazozipata yeye. Saa zinazotakiwa hazipungui.

Wanaosomea udaktari ni habari nyingine. Udaktari ni miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Miaka ya mwanzo ina madarasa na maabara karibu kila siku. Wakishaingia wodini, kama wanavyofanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioko ndaki ya afya Mbeya, siku za wiki zinapoteza maana. Wagonjwa wapo Jumapili, wapo usiku, na zamu zinafuata wagonjwa. Mzazi wa hawa asishangae simu isipopokelewa.

Wiki ambazo vipindi ni sifuri

Baada ya wiki ya 15, ratiba ya vipindi inakufa. Mwanafunzi hana darasa hata moja, na bado hizo ndizo wiki nzito kuliko zote. Mitihani ya UE hupangwa kwa wiki mbili hivi, pengine na Jumamosi ndani yake, na nafasi kati ya karatasi moja na nyingine hazilingani: mtihani Jumatatu asubuhi, mwingine Jumanne, kisha kimya mpaka wiki inayofuata. Pengo hilo la siku tano limewavuta wengi kwenda nyumbani mara moja, na muhula wa pili huishia karibu na Julai, wakati mpunga wa Kyela na kahawa ya Mbozi vinadai mikono.

Ratiba ya UE hutoka kabla ya mitihani kuanza. Mzazi anayehitaji msaada wa mavuno amwombe mwanae tarehe ya karatasi ya mwisho, apange kuanzia hapo. Kwa wanaosomea ualimu, na kwa wahandisi na wahasibu wanaokwenda fildi, aulize tarehe mbili: ya karatasi ya mwisho, na ya kuripoti shuleni au ofisini kwa mafunzo ya vitendo. Fildi huanza mara baada ya mitihani, na huko siku ni tano kwa wiki kwa kila mtu, kuanzia asubuhi, pamoja na daftari la mahudhurio.